Arlene Kuzmick, Miaka 36 Mlangoni pa Kura Kettle Hollow

Arlene Kuzmick ametumikia kituo cha kura cha Kettle Hollow kwa miaka thelathini na sita, na tarehe 30 Juni anastaafu. Hizo ni chaguzi tisa za rais. Katika saba nimekaa naye meza moja, mimi nikilinda mashine inayomeza karatasi za kura, yeye akinilinda mimi nisisinzie.

Alianza kwa kutafuta majina daftarini, akapanda hadi msimamizi wa kituo. Hajapoteza karatasi hata moja ya kura. Miwani amepoteza mara kumi na moja, mara tisa ikiwa kichwani mwake.

Wakubwa wa kaunti wanadhani kazi yake ilikuwa kuhesabu. Huku kwetu Pennsylvania ya milimani, kila mwaka wa uchaguzi wa rais ukifika Oktoba, risasi zinanunuliwa hadi kwisha madukani na masanduku ya barua yanajaa vikaratasi: huyu atakunyang'anya bunduki, yule atamruhusu kila kichaa kuibeba. Majirani waliokuwa wakigawana nyama ya kulungu wanaacha kusalimiana. Arlene mwenyewe anaangusha kulungu wake kila mwaka, na kura yake hata mumewe Stan haijui. Ndiyo maana pande zote zilimsikiliza.

Uchaguzi uliopita, saa tisa alasiri, Dwayne Hudock, fundi wetu wa mabomba, alisimama mlangoni pa jengo la zimamoto tunapopigia kura, bunduki ndefu begani. Kura yake alishapiga asubuhi. Sheria ya jimbo haimkatazi. Nje nilihesabu magari kumi na manne yenye watu ndani, na hakuna aliyeshuka. Matatu yaligeuza yakaondoka. Kumwita polisi? Nani ajuaye kingefuata nini?

Arlene akatoka, mikono ndani ya mifuko ya sweta.

"Dwayne, unamlinda nani hapa?"

"Nyie, mama. Hawa watu wanataka kuzichukua bunduki zetu."

"Jirani yako Ruth Ann yuko kwenye gari na mama yake. Anakuogopa."

"Ananiogopa mimi? Juzi tu nimemzibulia choo!"

"Juzi ulikuja na spana. Haya, supu ya kikosi iko jikoni na Stan mgongo unamuuma. Kabebe sufuria."

"Nitaibeba na bunduki yangu begani."

"Iteleze, itumbukie kwenye maharage? Watakusimulia hadi siku ya mazishi yako, bwana wee."

Siku ya uchaguzi kikosi cha zimamoto huuza supu ya maharage na mguu wa nguruwe, na Dwayne ni mwanakikosi. Sufuria ile inataka mikono miwili na mtu mzima. Dwayne akaenda kuifungia bunduki ndani ya pikapu yake. Baadaye alipita gari hadi gari na bakuli, akigomba kwamba supu inapoa. Watu kumi na mmoja waliokuwa wakiendesha magari yale waliingia, Ruth Ann akiwa wa kwanza, kamshika mama yake mkono.

Arlene alipoketi, alitoa mikono mifukoni. Kalamu ilimwanguka mara mbili kabla hajaweza kuandika. Nikampongeza. Akanikata: "Na yale matatu yaliyoondoka?" Mpaka leo anayaulizia.

Sasa uchaguzi mwingine wa rais unakuja na vikaratasi vimeshaanza. Tuliwaomba watu wanne wakalie kiti chake. Watatu walikataa, wa nne akauliza kama tunagawa fulana za kuzuia risasi. Basi Alhamisi nimetia saini mimi kukikalia, kwa mwandiko wa kuku.

Arlene, dada, asante kwa kutuwezesha kupiga kura na bado tukabaki majirani. Tunakuombea magoti yasiyolalamika na kulungu wanene. Kapumzike kwa raha zako; ila siku ile ya Novemba, tafadhali sana, simu usiizime.