Mwambie Mjomba Asivuke

ESTA: Haloo? Nani mwenzangu?

FILIPO: Baba yako. Uko hapo Posta?

ESTA: Niko. Shikamoo baba. Nimechelewa, tangu asubuhi nafua mashuka ya Mjomba Josephu.

FILIPO: Marahaba. (anapiga miayo) Mama yako hajambo?

ESTA: Hajambo. Hakutaka kuja.

FILIPO: Bado kanuna?

ESTA: Si wewe uliyewaambia wakubwa huko Dasalama kompyuta haisemi uongo, Mjomba kafungua mafaili ya siri? Mjomba ni mdogo wake mama, baba.

FILIPO: Sikia basi. Nimeupata ubovu —

ESTA: Nini? Kunakwaruza!

FILIPO: Ubovu! Macho yanawaka kwa kukesha, lakini nimeupata. Kuna programu mle ndani inalinda mafaili ya siri. Mtu akija, inatazama mahali pamoja kwenye kumbukumbu ya mashine: huyu ana ruhusa, hana? Sasa hapo hapafutwi kwanza. Ruhusa ya mkubwa aliyetoka inabaki, anayefuata anapita nayo.

ESTA: Kama mizani ya korosho haijarudishwa sifuri, anayefuata anapimiwa na kilo za mwenzake?

FILIPO: Hivyo hivyo! Josephu hakuvunja kitu. Alifunguliwa tu, wala hakujua. Nimeongeza mstari mmoja: weka sifuri kwanza, ndipo uulize. Nimejaribu na jina lake, imemkatalia. Kesho nawaonyesha wakubwa, watamrudisha kazini.

ESTA: Kesho…

FILIPO: Mwite nimwambie mwenyewe.

ESTA: Baba, si nimekwambia nilikuwa nafua mashuka yake? Kaondoka.

FILIPO: Kaenda wapi?

ESTA: Kitaya, kule mpakani. Katoka alfajiri. Kamwambia mama leo jioni anavuka mto Ruvuma aende nchi ya pili, harudi tena. Eti amechoka kuitwa mwizi.

FILIPO: Asivuke! Akivuka, hiyo kesho nani atanisikiliza? Watasema kakimbia, kumbe —

ESTA: Ngoja, lori la Kitaya hilo hapo nje, dereva ni Abdalla! Abdallaaah! Mwambie Mjomba Josephu asivuke! Kosa ni la mashine! Baba kaliona! Asivukeee!

FILIPO: Kasikia?

ESTA: Lori linanguruma, baba —

FILIPO: Kajibu nini? Esta!

ESTA: Hakugeuka. Naona vumbi tu. Baba, wanasema muda umekwi —

FILIPO: Lakini kasikia? Haloo? Esta? Kasikia?