Alama ya Chini ya Kiti

Mheshimiwa diwani, wakwe zetu mlioketi mbele, ndugu wageni waalikwa, wateja wetu wa siku zote, mafundi, wanangu na wajukuu, na wewe daktari wangu uliyeniruhusu kusimama kwa sharti la kutosema mengi:

Nimeitwa kufungua jengo jipya la karakana yetu ya useremala, na kuvuta kitambaa kilichofunika alama ya ukoo juu ya mlango. Mwanangu wa kwanza, mkurugenzi wetu, ameipaka rangi ya dhahabu. Mnaijua: duara lenye mistari miwili iliyopishana kama mkasi ndani yake. Kila kiti chetu kimechongwa alama hiyo chini ya kikalio. Mmeambiwa ni ya kifalme. Kwamba mzee wetu wa kwanza alihamia nchi hii akiwa mwana wa mfalme aliyechoka kutawala. Ndugu zangu, mmewahi kumwona mtu aliyechoka kutawala? Mheshimiwa, wewe usijibu.

Mjukuu wangu, yule muuguzi, amekuwa akiwauliza wazee tulitoka wapi na tulifikaje. Shangazi zake wakamfokea, "Wee, chokochoko hizo zitatuharibia jina!" Alipokuja kwangu nilijifanya nimelala, nikakoroma kwa bidii. Akacheka: "Babu, aliyelala hafumbi macho kwa nguvu hivyo."

Basi leo nayafumbua, maana kesho sina hakika nayo.

Huyo mzee wetu wa kwanza alikuwa baba wa bibi yangu. Alipokuwa hajiwezi, bibi ndiye aliyemwogesha, na begani mwake aliikuta alama hii hii, kovu la chuma cha moto. Akamuuliza ni nini. Mzee akajibu, "Aliyenitia alitaka nisipotee."

Hakuhama, jamaa zangu. Aliletwa. Nani alimuuza, na kutoka kwa mama gani, sijui. Bibi aliniambia mimi peke yangu, nami, msomi mzima, nikaona aibu, nikalificha jambo hili mpaka meno yakaniisha. Mjukuu wangu, nisamehe. Uliza tena, safari hii sikoromi.

Mkurugenzi ananinong'oneza hapa, "Baba, kaa basi, umechoka." Nimechoka kweli, mwanangu, ila ukinikalisha nitamalizia nikiwa nimekaa.

Kwa nini, basi, mtu aliyechomwa alama aichonge tena kwa mkono wake? Bibi naye aliuliza hivyo. Alisema mzee alicheka mpaka kikohozi kikamshika, kisha akasema, "Nimemtafutia bwana wangu mahali pake."

Chini ya makalio! Tangu kiti cha kwanza alichokitengeneza akiwa huru, watu wanamkalia bwana yule: mahakimu, maharusi, wanene kwa wembamba. Mheshimiwa, hata wewe hapo ulipo umemkalia, tena vizuri sana. Na sisi wenye elimu na rangi ya dhahabu tumefanya nini? Tumemnyanyua kutoka huko, tukampandisha mlangoni atupokee wageni!

Kitambaa sikivuti. Muuguzi wangu, shika ngazi. Mkurugenzi, panda wewe uliyempandisha, umshushe.

Nawashukuru kwa kumpa mzee masikio yenu. Wageni wetu, msiinuke. Endeleeni kukaa, tena kaeni kwa uzito wenu wote.