Simu Niliyoinyamazisha Kwenye Mteremko wa Kiriri

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Mnivumilie, maana tangu siku ile siwezi kutulia mahali pamoja. Hata sasa, hapa mbele ya kanisa, nahama huku na huku.

Mimi ni Evariste, dereva wa teksi. Mke wangu Consolata ni mpishi katika nyumba moja huko juu mlimani Kiriri. Binti yetu Nadine anasomea kompyuta, akatuwekea sisi wawili programu kwenye simu. Inasoma mwendo wa gari, inajua mwenzako yuko wapi, na ikiona mnaelekea kugongana inalia kabla hamjaonana.

Yangu ilinichosha. Madereva wenzangu mnajua, petroli ikiadimika tunashuka Kiriri tumetoa gia na kuzima moto wa injini, gari linateleza lenyewe. Kila nikishuka hivyo, simu inalia, ikidhani gari limenishinda. Nikaona inanisumbua bure, nikaizima sauti. Nadine akaniuliza, nikamwambia inafanya kazi vizuri. Nilimdanganya mtoto wangu, ndugu zangu.

Alhamisi moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Nikashuka moto umezimwa. Kwenye kona nikakanyaga breki, ikawa ngumu, usukani mzito, maana vyote vinategemea injini. Gari likahama njia, likapita ukingoni wanapotembea watu, likaishia mtaroni. Niliona kitenge cha kijani kikiruka. Nilikijua, nilikinunua mwenyewe.

Nikatoka mbio nikiita jina la Yesu. Consolata, aliyekuwa akitoka kazini kwa miguu, alikuwa amekaa kwenye majani, ng'ambo ya mtaro, amekumbatia mkoba wake, mzima. Simu ilikuwa bado inalia ndani ya mkoba.

"Ya kwangu imelia, mi nikaruka," akasema. "Ya kwako apana?"



Ndugu zangu, Mungu aliniokoa nisimuue mke wangu! Jioni nilimwambia Nadine ukweli. Siku hizi nashuka moto ukiwaka na sauti iko juu, na bado kila kona moyo unanidunda. Namshukuru Bwana hata kwa wasiwasi huo.

Wewe uliyekaa hapo, Mungu amekuita mara nyingi ukaona anakusumbua bure. Mwitikie leo, mtumaini. Mimi nilizima sauti, na aliyekuwa mbele ya gari ni Consolata. Ni yule pale, safu ya tatu, amevaa kile kitenge.