Ngoja Ishuke Tena Kidogo

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa duka la kinyozi, upande wa kivuli. Benchi ni ubao mmoja uliolazwa juu ya makasha mawili ya kompyuta zilizokufa, zote za Mkanda. Mkanda ni mpiga video za harusi, chumba chake cha kazi kiko mlango wa pili, na jina hilo limemganda tangu enzi za mikanda yenyewe. Mimi nashona viatu hapa pembeni, kwa hiyo nasikia yote, hata nisiyoyataka. Mwaka mzima sasa Mkanda anataka kuibadilishia kompyuta yake prosesa, yaani ule ubongo wa ndani, maana uliopo umechoka: ukiupa harusi moja asubuhi, mchana bado unakuhesabia asilimia, na jioni unazima bila kuaga. Pesa anayo. Anachongoja ni bei. Kuna kampuni mbili kubwa zinazotengeneza hivyo vitu na zinashushiana bei kila kukicha. Sisi tumezibatiza: iliyotangulia tunaiita Kaka Mtu, iliyofuata Mdogo Mtu. Na kila Jumamosi tunampigia Mkanda kura kwa vikombe vya kahawa. Ukikisimamisha kikombe chako, umesema nunua. Ukikifunika, mdomo chini, umesema ngoja. Shida ni kwamba Bi Birika, mama muuza kahawa, akiona kikombe kimesimama hukijaza, na akishakijaza anadai chake. Ndiyo maana "ngoja" haijawahi kushindwa hata wiki moja. Nililijua hilo zamani, nikanyamaza, kwa sababu na mimi kikombe changu hufunikwa.

Jumamosi hiyo Mkanda alitufikia akihema, shati limetoka nje ya suruali.

Mkanda: Jamani, Mdogo Mtu kashusha tena! Natoka dukani sasa hivi. Ile niliyokuwa naipigia hesabu imepungua robo nzima. Leo nanunua, asinizuie mtu.

Kinyozi: Kaa kwanza. Na dukani uliingia unahema hivyo hivyo?

Mkanda: Niliingia, ndiyo.

Kinyozi: Basi umeshajiharibia. Muuzaji akikuona unahema anajua umenasa. Rudi kesho, ingia unapiga miayo.

Pembeni yake aliketi Waraka. Huyu alikuwa mtunza ghala wa ofisi moja kubwa kabla ya kustaafu, na mpaka leo anaongea kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

Waraka: Kwa taarifa yenu, Kaka Mtu hawezi kukaa kimya. Mdogo wake kashusha robo, yeye atashusha nusu. Ndani ya siku kumi na nne.

Mkanda: Mwezi uliopita ulisema siku saba, mzee.

Waraka: Zile zilikuwa siku za kazi.

Mimi: Na sikukuu zikaingilia kati.

Waraka: Wewe shona viatu.

Kinyozi: Msikilize mzee, Mkanda. Mimi haya mambo nimeyapitia. Si mnakumbuka alipofungua kinyozi mwingine hapo ng'ambo ya barabara? Akanyoa kwa nusu bei, nikanyoa kwa robo. Akaongeza kuosha nywele, nikaongeza kusugua mabega. Mwisho nilikuwa nanyoa bure na mteja naye nampa soda. Nani alifaidi?

Mkanda: Wateja.

Kinyozi: Wateja gani? Walionyolewa siku ya kwanza walilia! Waliofaidi ni wale waliovumilia na manywele yao mpaka mwisho.

Bi Birika: Na wewe ulifaidi nini?

Kinyozi: Mimi siongelei mambo yangu ya ndani.

Bi Birika akacheka mpaka birika likatikisika. Mkanda hakucheka. Alikuwa anageuza kikombe chake mkononi, na nilimwona kabisa kwamba ameanza kulegea.

Mkanda: Lakini nimengoja sana. Hata hiyo ninayoitaka ilikuwa mpya nilipoanza kuitaka.

Waraka: Hapo ndipo penye siri. Mwezi ujao inatoka mpya. Ikitoka, hii inakuwa ya zamani, bei inaanguka. Unangoja.

Mkanda: Halafu nanunua?

Waraka: Hapana. Ile mpya nayo itakuwa ya zamani ikitoka nyingine. Unangoja hiyo.

Mkanda: Mpaka lini?

Waraka: Mpaka itoke ile ya mwisho kabisa, ambayo baada yake watakuwa wamechoka kutengeneza. Hiyo haiwezi kupitwa na wakati. Hiyo ndiyo ya kununua.

Kinyozi akapiga makofi. Kulikuwa na mteja ndani ameshanyolewa upande mmoja, akachungulia mlangoni na povu kidevuni, akaona mjadala umekolea, akarudi kwenye kiti.

Kinyozi: Mimi nitawaambia kitu ambacho hamtakisikia redioni. Wale hawagombani. Ni ndugu kweli, tumbo moja. Mchana wanashushiana bei, mama yao akipakua wanakaa meza moja.

Waraka: Inawezekana. Mzazi yuko hai ndiyo maana bei zinashuka kwa adabu. Siku akifumba macho, watagombea urithi. Mmoja atazimwaga sokoni ili kumkomoa mwenzake.

Kinyozi: Zitauzwa kwa fungu kama nyanya! Ukinunua sabuni ya mche, unakuta prosesa ndani. Mkanda, utaoga huku kompyuta inapata akili.

Bi Birika: Mbona kahawa yangu hamjawahi kuingoja ishuke?

Waraka: Kahawa haina mdogo mtu.

Tulivunjika mbavu. Halafu, kama kawaida, ukafika wakati wa kura. Kinyozi akafunika kikombe chake. Waraka akafunika chake. Na mimi nikafunika, wala sikuona haya. Mkanda akakitazama chake, akashusha pumzi, akaanza kukiinamisha taratibu.

Hapo ndipo tulipomwona dada mmoja anavuka barabara kuja kwetu, tumbo limemtangulia, mkono mmoja kiunoni. Mkanda alimtambua kabla yetu. Akatafuta pa kujificha, lakini benchi letu halina nyuma.

Bibi harusi: Shikamooni wazee.

Tuliitikia wote, hata Kinyozi ambaye anakataa uzee.

Bibi harusi: Kaka Mkanda, habari za siku? Video yangu ya harusi iko tayari?

Mkanda: Dada yangu, kwa kweli iko njiani. Kompyuta ndiyo inanisumbua. Nangoja kifaa kimoja tu.

Bibi harusi: Miezi minane, kaka. Niliolewa sina tumbo, ona sasa.

Waraka: Kwa taarifa yako, mwanangu, kifaa kipo. Tunachongoja ni wakati muafaka. Bei inashuka vizuri.

Bibi harusi: Mimi ningengoja, babu, sina haraka. Ni bibi yangu. Ndiye aliyenilea, na siku ya harusi alikuwa kitandani hata kukaa hawezi. Sasa amepata nafuu, ila macho ndiyo yanamzimikia. Mwezi uliopita nikitokea mlangoni ananijua kwa sura. Jana amenijua kwa sauti. Kila nikienda ananiuliza kama video imekuja, anataka kuniona nimevaa gauni.

Kinyozi akaanza kufuta mkasi ambao ulikuwa safi.

Waraka: Pole sana, mama. Kwa kweli pole. Lakini akivumilia siku kumi na nne tu, itashuka tena kidogo.

Bibi harusi: Sawa babu. Ishuke mpaka bei gani?

Waraka: Kivipi?

Bibi harusi: Si mnangoja ishuke? Ikifika bei gani mtanunua?

Aliuliza kwa heshima, wala hakuwa na ubaya. Waraka akamtazama Kinyozi. Kinyozi akanitazama mimi. Mimi nikakitazama kiatu nilichokuwa nimekishika. Mwaka mzima, kila Jumamosi, tumezungumzia mama yao, urithi wao na sabuni ya mche, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutaja bei ya kununulia. Tulikuwa tunangoja ishuke, basi. Niliona aibu, na nilistahili, maana kile kikombe changu kilichofunikwa nakijua mwenyewe kilikuwa kinaokoa kitu gani.

Mkanda akakisimamisha kikombe chake juu ya ubao. Bi Birika, kwa mazoea, akakijaza. Mkanda akakipiga funda moja akiwa wima, akalipa, akachomeka shati.

Mkanda: Dada, nipe mpaka Jumatano.

Akaenda zake dukani, na safari hii alitembea.

Basi sikilizeni kilichotokea. Alhamisi asubuhi Waraka alikuja anakaribia kuruka, na umri wake ule. Kaka Mtu alikuwa amejibu. Alikuwa ameshusha karibu nusu, kama mzee alivyotabiri, na hata siku kumi na nne hazijatimia. Katika maisha yake yote ya utabiri mzee alikuwa amepatia mara moja, na mara yenyewe ndiyo hiyo. Tukamkalisha, tukamwapisha. Bi Birika akamwambia kwamba akifungua mdomo mbele ya Mkanda, kahawa ya kijiwe hiki ataisikia harufu tu.

Jumamosi Mkanda akaja anang'aa.

Mkanda: Bibi kaiona! Nilimpelekea mwenyewe. Wakamsogeza mpaka pua inagusa kioo, akaiangalia mara tatu.

Mimi: Akasemaje?

Mkanda: Mara ya kwanza alilia tu. Mara ya pili akauliza mbona bwana harusi mfupi. Mara ya tatu akataka nirudishe nyuma, ahakikishe kweli ni mfupi.

Tulicheka mpaka mteja wa Kinyozi akatoka nje kuuliza kuna nini. Waraka alicheka kuliko wote, ila machozi yake mengine yalikuwa ya kubanwa na lile neno. Ndipo Mkanda akajinyoosha vizuri kwenye benchi, akaweka kikombe chake mbele ya Bi Birika.

Mkanda: Enhe, na huku vipi? Kaka Mtu kajibu?

Waraka akafungua mdomo. Nikamkanyaga. Kinyozi akakumbuka ghafla kwamba ana mteja.

Bi Birika: Kahawa imekwisha.

Birika lilikuwa limejaa mpaka shingoni, linafuka mvuke mbele ya macho yetu sote. Tukainuka mmoja mmoja, tukaenda zetu bila kunywa.