Sauti ya Donegali Sikioni mwa Baibín

Kijiwe chetu ni ukuta mfupi wa mawe pembeni ya duka la Neansaí, huku Konamara, magharibi mwa Ayalandi, mahali upepo unaipoza chai yako kabla hujaipuliza. Wa kudumu tupo wanne. Mwalimu alistaafu shule lakini hajastaafu kusahihisha watu, na ndiye kiongozi wa kundi letu la maigizo. Kaa anavua kaa, na jukwaani ndiye nyota wetu, ila kichwa chake chujio, maneno hayakai. Redio, mdomo wake haujawahi kuzimwa. Wa nne ni mimi, kazi yangu kucheka. Jumamosi hiyo asubuhi alikuja Baibín na fimbo yake nyeupe, kompyuta begani, tukasogea akakaa. Zamani Baibín ndiye aliyekuwa akijibanza nyuma ya pazia na maandishi ya mchezo, akiwanong'oneza waigizaji maneno waliyosahau. Macho yalipozimika, kiti chake akapewa Redio. Jioni hiyo tulikuwa na mchezo, na Baibín alikuja kudai kiti chake.

— Mwalimu, dawa imepatikana, alisema. Kompyuta sasa inanisomea Kiayalandi.

— Si ilikuwa inakusomea siku zote? Kaa akauliza.

— Ilikuwa inasoma kwa sauti ya Mwingereza! Inapita juu ya maneno yetu kama mtu na mabuti kwenye bustani ya vitunguu. Nasikiliza ukurasa mzima, sijui ni mchezo au ni bei ya kondoo. Sasa vijana wa chuo kikuu wametengeneza sauti ya lugha yetu. Wamemkalisha mtu anayeijua, wakamrekodi akisoma sentensi mpaka koo likamkauka.

Akabonyeza kitufe. Tukasikia mvumo wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa.

— Hiyo lugha au mashine ya kunyolea? Redio akacheka.

— Ndivyo ninavyosikiliza mimi, bwana. Mwenye kazi zake hana muda wa kubembelezwa.

Akaipunguza mwendo. Sauti ya mwanamke ikaanza kusoma mchezo wetu, kila neno mahali pake. Nakwambia ukweli, mwili ulinisisimka. Kaa akaruka kutoka ukutani.

— Mungu wangu! Huyu mama ni wa Donegali, kule kaskazini!

— Kwani Donegali si Kiayalandi? Baibín akauliza.

— Ni Kiayalandi cha watu wenye mafua! Mimi nikinong'onezwa hivyo jukwaani, nitaingia kama bwana harusi wa Konamara, nitatoka Mdonegali!

— Tena ni mpango huo, Redio akadakia. Wanaanza na vipofu. Halafu wanakuja kwenye simu. Halafu ramani za kwenye boti. Wewe Kaa utatega mitego yako hapa, mashine itakuelekeza kaskazini, kaa wako wote wataliwa Donegali.

— Hata kaa?

— Kaa watatangulia! Mwaka kesho ng'ombe wako akiitwa na wewe hageuki, anangoja aitwe na yule mama. Padri naye ataungama kwa kompyuta.

— Padri haungami kwa kompyuta, Mwalimu akasahihisha.

— Kwa ile ya Donegali ataungama.

Mimi nilikuwa nimeshamwaga chai kwa kucheka. Baibín hakucheka.

— Mmemaliza? Sauti inaingia kwenye sikio langu, inatoka kwa mdomo wangu. Mdomo wangu umezaliwa hapo mtaa wa pili. Mwalimu, nijaribu.

Mwalimu akamsimamisha Kaa: aingie kumposa mjane, sehemu ya pili. Kaa akavua kofia, akapiga goti, akaanza vizuri. Kufika kwenye mahari, akakwama kama kawaida yake. Baibín, kifaa kimoja cha kusikilizia sikioni, kidole kwenye kitufe, akamnong'oneza. Kikonamara kitupu, na sisi tuliokaa karibu tulikisikia kwa shida. Kaa akaokota neno, akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

— Umeona? Kaa akasema, amepiga goti bado. Redio angeniambia hilo, kijiji kizima kingesikia.

— Nilikuwa nahakikisha umesikia! Redio akajitetea.

Mwalimu akakuna kidevu.

— Nina hofu moja. Mashine hizi zina woga. Simu yangu nikiiandikia neno ikalishangaa, inakimbilia Kiingereza. Leo jioni mtu atapiga chafya, mashine itashtuka, itahamia Kiingereza katikati ya posa. Tutaaibika.

— Nimeifungia Kiayalandi. Haitoki.

— Hujui, Baibín.

— Najua! Mwalimu, tangu macho yaende nakaa ukumbini na wageni, nasikia watu wangu wanazama na siwezi kuwatupia kamba. Inaniuma. Nirudishie kiti changu.

Alikuwa amechomoa kile kifaa sikioni kwa hasira, na kompyuta ikawa inasoma wazi mapajani mwake. Hapo mlango wa duka ukafunguka, akatoka Halyna na birika. Halyna ametoka Ukraine, anampikia Neansaí. Kumwona tu, wote tukageuka kwa adabu zetu za siku zote, tukabwaga Kiayalandi. "Habari za asubuhi, Halyna! Baridi eeh?" kwa Kiingereza, mimi wa kwanza. Mashine haikumjali. Iliendelea na posa yake kwa Kiayalandi.

Halyna akasimama anasikiliza. Kisha akasema, kwa Kiayalandi cha darasa la jioni, polepole:

— Samahanini, wazee. Nimekuja, yeye ameendelea. Nyinyi kila nikija mnahamia Kiingereza. Kwa nini?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizimika. Kaa alitazama buti zake. Mwalimu alifungua mdomo amsahihishe, akakosa cha kusahihisha. Baibín peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu.

— Baibín, Mwalimu akasema mwishowe. Kweli haitoki. Saa moja jioni. Uwe umeshakaa kabla pazia halijafunguliwa.

— Na mimi je? Redio akauliza.

— Wewe mlangoni. Huko piga kelele unavyotaka.

Kaa akanyoosha kikombe, akamwomba Halyna chai kwa Kiayalandi, uso umemwiva kwa aibu. Chai alitumiminia wote. Jibu la swali lake bado anatudai.