Mzee Shubiri, Fundi Aliyelifikisha Gitaa Safu ya Mwisho

Tarehe 31 Agosti, fundi wetu wa sauti anastaafu baada ya kuutumikia ukumbi huu kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kwenye jalada la ofisi lipo jina lake kamili, lakini ukilitaja humu ndani watu watakuuliza ni nani huyo. Sisi tunamjua kama Mzee Shubiri, na jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza kazini, akiwa na miaka ishirini na tisa na hana hata mvi moja.

Alikuja kutoka kwenye kibanda cha kutengeneza redio. Wiki hiyo alikuwa anapiga Mwalimu, yule mama anayefundisha muziki na ambaye kila mwaka hutupigia gitaa la nyuzi za nailoni. Gitaa la aina hiyo lina sauti ya upole. Sebuleni linatosha, lakini katika ukumbi wa viti mia nne, kuanzia safu ya kumi watu huanza kutega masikio. Fundi aliyemtangulia alikuwa akiweka maikrofoni mbele ya tundu la gitaa na kuongeza sauti, basi. Kilichotoka kilikuwa mvumo mtupu. Mwalimu alisimamisha mazoezi akamwambia yule mgeni, "Mwanangu, mimi sikuja kupiga ngoma."

Hakujitetea. Aliomba radhi, akapiga magoti jukwaani, akawa analizungusha sikio lake karibu na gitaa huku Mwalimu akiendelea kupiga. Alipofika pale shingo inapoungana na mwili wa gitaa, akatulia. Akapima kwa kiganja, shubiri moja na nusu, akasimamisha maikrofoni hapo. Kisha akatoa spika ndogo stoo na kuiweka nyuma ya kiti cha Mwalimu, ili sauti itoke alipokaa mpigaji, isitoke ukutani. Toka siku hiyo hakuna aliyemwita jina lingine.

Vita vyake vikubwa vilikuwa na mapangaboi. Alidai yanaimba noti yao wenyewe, tena si nzuri, kwa hiyo gitaa likianza aliyazima yote. Meneja aliyekuwepo wakati huo akawa anapita kimya kimya kuyawasha, na Mzee Shubiri anamfuata kuyazima. Wasikilizaji walijipepea kwa karatasi za programu wakiwatazama watu wazima wawili wakikimbizana kwenye swichi. Mwisho meneja akasalimu amri, akaja na upepeo wake wa mkono kutoka nyumbani.

Sifa aliyoipenda kuliko zote ilitoka kwa baba mmoja aliyemfuata baada ya onyesho kumlaumu kwa kuacha mashine zikiwaka bure, wakati yule mama hata hakuzitumia. Alitusimulia kisa hicho kwa miaka mingi, na kila mara alicheka upya.

Mimi ninayeandika taarifa hii ni mkata tiketi wa mlangoni, na Jumapili moja, miaka sita iliyopita, sitaisahau. Mwalimu alikuwa amerudi baada ya kuuguza kifundo cha mkono, na vidole vyake vilikuwa bado dhaifu. Ili kumsaidia, Mzee Shubiri aliongeza sauti kidogo, kisha kidogo tena. Sauti ya spika ikaanza kurudi kwenye maikrofoni, na mluzi mwembamba ukachoma ukumbi mzima. Watu waliziba masikio. Mwalimu aliondoa mikono kwenye nyuzi. Mzee Shubiri alikuwa amesimama kwenye meza yake ya mitambo akituangalia kana kwamba sisi ndio tumepatwa na kitu. Nilikimbia nikashusha sauti kwa mkono wangu. Ndipo aliponiuliza taratibu, "Dada, kulikuwa na nini?"

Angeweza kusingizia waya. Badala yake alipanda jukwaani, mahali ambapo hakuwa amewahi kusimama mbele ya watu, akasema, "Ndugu zangu, kosa si la Mwalimu wala si la mashine. Ni masikio yangu. Huo mluzi sikuusikia." Akatoa funguo za chumba cha mitambo, akamkabidhi meneja aliyekuwa amekaa safu ya mbele.

Mwalimu alimuuliza pale pale, "Hata chembe?"

"Hata chembe."

"Na gitaa langu?"

"Gitaa nalisikia. Sauti ya kucha zako zinapogusa nyuzi ndiyo siku hizi siipati."

"Basi tafuta mtu wa kusikiliza mluzi," Mwalimu akasema. "Gitaa libaki kwako."

Meneja akarudisha funguo. Mimi nikaketishwa safu ya mbele na leso nyeupe mkononi: nikiinua, Mzee anashusha. Onyesho likaanza upya, na tulifanya kazi hivyo kwa miaka sita. Alinipa cheo cha Dada Mluzi, na mume wangu analalamika mpaka leo.

Mwezi Mei alikwenda mwenyewe kwa meneja, miaka miwili kabla ya muda wake, akasema uzi mwembamba wa gitaa nao umeanza kumpotea. Hakutaka kusubiri mpaka mtu mwingine amwambie. Alimwachia fundi mpya, mama makini kutoka redioni, daftari saba za vipimo alivyoandika kwa mkono.

Jumapili iliyopita Mwalimu alipiga, na Mzee Shubiri alikaa safu ya mwisho pembeni ya mkewe, ambaye kwa miaka yote hii hakuwa amewahi kukaa naye kwenye onyesho hata moja. Mezani alikuwa yule fundi mpya. Watu walipoanza kutoka nilimfuata Mzee Shubiri nikamuuliza amesikiaje.

"Nyuzi tano nimezisikia," alisema. "Ule mwembamba naukumbuka."

Mkewe alimshika mkono, wakatoka kwa mlango wa mbele pamoja na wasikilizaji.

Mzee wetu, kwa niaba ya wote tuliofanya kazi nawe, tunakushukuru kwa ustadi wako, kwa utani wako, na zaidi kwa kutuonyesha jinsi mtu mzima anavyosema ukweli wake hadharani. Tunakuombea afya, chai isiyopoa kabla hujaimaliza, na miaka mingi ya Jumapili za nyumbani. Pumzika vyema.