Vitabu Ambavyo Hakuna Aliyethubutu Kuviazima

Punguzeni moto jikoni, wasikilizaji wapendwa, mkae. Leo tunamkumbuka Bi Alida Decker, mkutubi wetu hapa Coxhaven, kando ya mto Hudson. Amefariki Jumapili asubuhi akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Bi Alida Decker, mkutubi wa Coxhaven kwa miaka arobaini na mmoja, ametutoka Jumapili asubuhi.

Wengi mnamjua kwa sauti. Kila Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, saa nane mchana, aliketi kwenye ngazi za maktaba akatusomea hadithi za mizuka za zamani. Saa nane mchana, jua linawaka! Donati mkononi, juisi ya tufaa ya moto kikombeni, na bado watu wazima walishikana mikono. Siku moja mtu alimwambia, "Bi Decker, mizuka husomwa gizani bwana." Akamtazama juu ya miwani. "Gizani kila mtu mwoga. Hadithi nzuri inakutetemesha jua likiwa utosini."

Hadithi hizo zilikaa rafu ya nyuma, karibu na bomba la kupashia chumba joto. Vitabu kumi na kimoja. Majumba yenye chumba kilichofungwa, wachungaji wenye siri, wajane wanaosikia hatua juu ya dari. Hadithi zetu wenyewe, za mabonde yetu na baridi yetu. Bi Alida alivipenda kupita kiasi, na nusura avipoteze vyote.

Ilikuwa hivi. Maktaba ilikuwa na kanuni. Ukiazima kitabu, karatasi iliyobandikwa nyuma inapigwa muhuri wa tarehe. Kitabu kikikaa miaka mitano bila muhuri, kinaondolewa. Mwaka wa tisini na nne, mwenyekiti wa kamati ya maktaba, Bwana Merritt Schoon, akapitia rafu moja baada ya nyingine. Akafika nyuma. Vitabu kumi na kimoja, hakuna hata muhuri mmoja. Si kwa miaka mitano tu. Tangu vinunuliwe! Akavitia kwenye boksi. Lori la karatasi chakavu lingekuja Jumatatu.

"Mama alipoliona lile boksi alikaa chini kwenye zulia," ananiambia binti yake, Lois. "Akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona analia kazini. Akasema, 'Lois, hawa watu wanavisoma. Nawaona kwa macho yangu. Ila hakuna anayethubutu kulala navyo nyumba moja.'"

Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, wasikilizaji wapendwa. Letu sote, mtangazaji wenu akiwemo. Tulisoma tumesimama pale pale, mgongo kwenye bomba la joto, jicho moja mlangoni. Saa ya kufunga ikifika, unachomeka chochote ulicho nacho katikati ya kurasa, unatimka. Kuazima? Thubutu! Kitabu kile kikae kando ya kitanda changu? Hata Bi Alida mwenyewe hakuwahi kupeleka hata kimoja nyumbani. Alikiri bila haya kwamba alikuwa mwoga kuliko sisi wote.

Ijumaa mchana kamati ikakutana. Tulijaa ukumbini kama watu thelathini, na kila mmoja alikuwa anakwepa macho ya mwenzake. Bwana Schoon akasema, "Bi Decker, samahani sana, lakini karatasi ndiyo inayosema. Hakuna anayevitaka."

 Bi Alida akatoa kitabu cha kwanza kwenye boksi, akakishika majalada, akakipindua, akakikung'uta juu ya meza ya kamati.

Vitu vikamwagika. Kijiti cha aiskrimu. Tiketi ya treni. Unyoya wa bata mzinga. Ratiba ya ibada ya Wamethodisti. Kibanio cha nywele.

"He! Kibanio changu hicho!" akapiga kelele mama mmoja, na ukumbi ukaangua kicheko. Kisha mzee mmoja akasogea akaichukua ile tiketi. Akasema ni ya marehemu kaka yake.

Akakung'uta cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi na moja, kile cha chumba kilicho juu ya kinu cha kusagia nafaka. Ikadondoka kadi moja tu, ya mchezaji wa besiboli, kona imetafunwa. Bwana Schoon akaikodolea macho. Masikio yakamwiva.

"Merritt," akasema Bi Alida, "ulikuwa na miaka kumi na miwili. Ulitoka mbio ukaacha na kofia. Ulifika wapi?"

"Kurasa tatu kabla ya mwisho," akajibu kwa sauti ndogo.

"Na hukurudi?"

"Hata siku moja. Bi Decker, nilidhani ni mimi peke yangu."

"Basi na wenzako nao walidhani hivyo hivyo," akasema Bi Alida. Akairudisha kadi mahali pake. Vitabu vikarudishwa rafuni bila hata kupiga kura.

Lois aliwahi kumuuliza kwa nini hadithi hizi hazichoshi, miaka nenda miaka rudi. Akamjibu, "Hofu ya kweli inakukuta peke yako, mwanangu. Hii unapewa na mtu aliyeipitia kabla yako, akatoka mzima." Jamani, huyo ndiye aliyekuwa mkutubi wetu.

Sasa nisikilizeni. Jumapili, Lois alikuta kitabu kando ya kitanda cha mama yake. Kile cha kinu. Nyuma yake, muhuri mmoja, wa kwanza na wa pekee. Bi Alida alikuwa amekiazima wiki mbili zilizopita, akamwambia Lois kwenye simu, "Nimeamua kulala nacho. Kama kuna mzuka, tutajuana huko huko." Miwani yake ilikuwa ndani, palipo na kadi ya besiboli. Zilibaki kurasa tatu.

Jana mchana tulipokwenda kumuaga, foleni ilitoka mlangoni mpaka barabarani. Lois akasimama kando ya jeneza, akakitoa kitabu mkobani. "Mama hajamaliza," akasema. Akasoma kurasa zile tatu kwa sauti, taratibu, huku machozi yanamtiririka. Foleni ikasimama. Mwisho wenyewe siwaambii, Bi Alida asingenisamehe.

Merritt Schoon alikuwa mbele, mzee wa miaka sabini sasa, kofia mkononi. Akainama juu ya jeneza. "Kumbe ndivyo ilivyoisha, Alida. Kumbe tungeweza kumaliza pamoja."

Tunampa pole Lois, wajukuu, na ukoo mzima wa Decker. Maziko ni kesho, Alhamisi, saa tano asubuhi. Narudia, kesho saa tano asubuhi. Nanyi jiulizeni mliacha nini katika rafu ile ya nyuma, na mlikimbia ukurasa gani. Mwende mkauone.

Kitabu kinatakiwa maktaba leo, na Lois anakirudisha saa nane mchana. Mkutubi mpya anasema watu sita wamekwishaandikisha majina kukiazima. Wa kwanza ni Merritt Schoon. Amesema anakwenda kulala nacho.